Nilivyomfikia Baba Mkwe kwa Gome la Mgomba

Sisi watu wazima wa Mbeya starehe yetu kubwa ni kukaa. Jumamosi ikifika mume wangu anaoga, anavaa shati lake la mikono mifupi, anaaga, anakwenda kukaa. Anakalia kiti cha plastiki mbele ya sinia la kitimoto na ndizi za kuchoma, anawaangalia Waingereza wakikimbia kwenye runinga. Mara ya mwisho kumwona akiruka kwa furaha ni mwaka 2013, Mbeya City walipopanda Ligi Kuu, na kesho yake alishinda na kiuno. Wenzake wenye nguvu kidogo wanacheza pool. Wasio nazo wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, na ugomvi wa drafti jamani unaweza kufika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Wanawake nao tusijitoe. Tunakaa kwenye kikoba, tunakaa saluni, tunakaa kwenye kikao cha sendoff kujadili rangi ya sare. Siku ya sendoff yenyewe tunainuka tukatunze, tunayarudi kidogo kuelekea meza kuu, halafu tunawahi viti maana viatu vinabana. Mimi ndiyo kabisa: nauza vitenge Mwanjelwa, kwa hiyo nakaa hata kazini.

Na wala hatukuzaliwa hivi. Nilikokulia, Kihesa pale Iringa, mtoto akionekana amekaa aliulizwa kama anaumwa. Rede ilichezwa mpaka mpira hauonekani: wawili wanakurushia mpira wa matambara, wewe katikati unakwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa, na ukipigwa umetoka hata kama chupa imebakiza vidole viwili. Kombolela ilitupeleka kwenye mabanda ya watu na kwenye mashamba ya mahindi. Na mawe je? Iringa ina mawe makubwa kila upande, na sisi tulipanda juu na vipande vya dumu la mafuta ya kula, tunakalia, tunateleza mpaka chini. Nguo za ndani za kizazi changu ziliishia pale.

Nikaolewa Rungwe.

Asiyeijua Rungwe nimweleze mambo mawili, maana yote mawili yatahusika. La kwanza ni mvua. Tukuyu, mji mkuu wa Rungwe, inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukitoka Uyole na jua lako, ukifika Isyonje ukungu unakupokea, na kuanzia pale unahesabu kwamba umelowa. La pili ni mkwe. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Siyo kwamba wamegombana, ndiyo heshima yenyewe. Akija njiani mimi naingia kwenye migomba. Akikohoa uani, natoka kwa mlango wa jikoni. Mjini siku hizi watu wamelegeza, wengine wanakula meza moja na baba mkwe na wanapiga naye picha. Baba mkwe wangu hajalegeza. Hata simu tunaongea kwa utaratibu: anampigia mjukuu, mjukuu anaweka spika, mimi nimekaa hatua mbili nasikia kila neno, kisha mjukuu ananigeukia na kunisimulia upya. Mwanzoni nilikuwa nacheka, maana kwetu Uheheni unamwamkia mzee "kamwene", unampa kiti, basi. Lakini mila ukishaizoea ina raha zake. Mpaka Krismasi ile mzee alikuwa hajawahi kuuona uso wangu, kwa hiyo hajui kama nimenuna.

Krismasi yenyewe tulikwenda ukoo mzima. Tumetoka kanisani, tumekula, mvua imekatika, kila mtu mzima ametafuta pa kukaa. Baba mkwe aliaga mapema kwamba anakwenda kumwangalia ng'ombe aliyezaa. Rafiki zake watatu, kwa bahati, nao wakakumbuka kwamba wana ng'ombe wa kuangalia. Mama mkwe alikuwa sebuleni anarudia mahubiri kwa waliochelewa ibada. Mama huyu ni mzee wa kanisa. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na ukimsikiliza mama mkwe unaweza kudhani ndiye aliyewapikia.

Nyuma ya nyumba kuna mteremko unaoshuka kati ya migomba na mibuni mpaka kijitoni. Watoto walikuwa wameufanya uwanja. Wanabandua gome la nje la mgomba, lile pana lililojikunja kama mtumbwi, wanalikalia upande wa ndani ukiwa juu, wanashika ncha ya mbele kwa mikono miwili, mwenzao anasukuma. Udongo ule ukilowa haukushikilii. Mtoto anakwenda na ukelele wake mpaka anapotelea kwenye majani kule chini, halafu unaona kichwa kinapanda tena na gome begani.

Nilisimama pale nimefunga kitenge changu kipya, cha sampuli ambayo nilikuwa bado sijaiweka hata dukani. Nilikuwa naangalia tu. Wifi yangu, mkubwa wa mume wangu, mama wa kwaya, akaja akasimama pembeni.

"Sisi tumekulia hapa," akasema. "Ninyi watu wa Iringa mchezo huu hamuuwezi. Kwenu kuna mawe tu."

Maneno ya wifi unayajua. Nikamwambia wifi, kwetu tuliteleza juu ya jiwe, na jiwe halina huruma kama tope. Akasema hayo ni ya kusimuliana. Nikasema hata leo. Akasema leo hii hapa.

Kijana wa shemeji yangu, wa darasa la nne hivi, ndiye alikuwa msimamizi wa uwanja. Alinipanga kwa umakini ambao sijawahi kuuona kwa kondakta yeyote wa Kyela. "Mama mkubwa, kaa katikati. Kunja magoti. Ukifika kwenye mparachichi njia zinagawanyika. Kushoto ni majani, unasimama mwenyewe. Kulia usiende."

"Kulia kuna nini?"

"Usiende tu."

Akanichagulia gome kubwa kuliko yote, akalizungusha, akaligonga, akatikisa kichwa, akaenda kubandua jingine. Nadhani alikuwa anakadiria uzito, ila mtoto ana adabu, hakusema.

Nilikuwa bado namuuliza habari za breki wifi aliponisukuma. Hakunipa moja, mbili, tatu. Mikono miwili mgongoni, mikono ya mtu anayelima.

Sasa nikueleze kitu ambacho watoto hawakijui. Mtoto ni mwepesi, anateleza. Mtu mzima aliyekaa miaka mingi kwenye duka la vitenge hatelezi, anaporomoka. Migomba ikaanza kunipita kama nguzo za umeme ukiwa kwenye basi. Nilisikia watoto wakishangilia, halafu nikasikia wameacha kushangilia. Kwenye kisiki cha mbuni kitenge kikashikwa. Nikasikia fundo linaachia, na mimi nikaendelea na safari, kitenge kikabaki. Chini nilikuwa na skintaiti nyeusi, namshukuru Mungu na baridi ya Rungwe. Mparachichi ukatokea. Nikaegemea kushoto kama nilivyofundishwa, nikaegemea kwa moyo wote, na gome likaenda kulia.

Kulia kulikuwa na banda la kuanikia kahawa. Mbele ya banda, kwenye vigoda, walikaa wazee wanne wakiwaangalia ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa chungu cha kimpumu, ile pombe ya ulezi inayoongezwa maji ya moto na kunyonywa kwa mirija mirefu. Mirija minne ndani ya chungu kimoja, vichwa vinne vimeinama, utulivu mtupu.

Nilipiga kelele wanipishe. Wazee hawapishi haraka. Watatu walinyanyua miguu, wa nne akanyanyua birika la maji ya moto, na hapo alinusuru maisha yangu, namwombea kila siku. Mimi na gome tukapita chini ya miguu yao tukaingia kwenye chungu. Chungu kikasema pwaa. Kimpumu cha vuguvugu kikanifika mpaka kwapani.

Nilipofungua macho, mbele yangu alikuwa baba mkwe, mrija bado uko mdomoni, upande wa pili wa mrija haujaingia popote. Ana macho ya mume wangu, yale yale.

Mila inasema nijifunike uso. Kitenge kiko juu kwenye kisiki. Kanga sina. Nikafanya kilichowezekana: nikalinyanyua gome la mgomba, nikaliweka mbele ya uso kama ngao, nikaanza kurudi kinyumenyume. Mzee naye alikuwa ameshavua kofia na kujifunika nayo. Tukabaki hivyo, mmoja nyuma ya kofia, mwingine nyuma ya gome, pombe inatiririka katikati kuelekea kijitoni.

"Nani huyo?" akauliza mzee mmoja.

"Si mke wa mwanao mkubwa huyu," akajibu aliyeshika birika.

"Sijamwona," akasema baba mkwe ndani ya kofia.

"Ameingia kwenye chungu!"

"Nimesema sijamwona."

"Na chungu hujakiona?"

Hapo mzee alinyamaza. Nilisikia kabisa kwamba chungu kimemuuma.

Ningefika kwenye migomba salama kama wifi asingepiga yowe kule juu. Wifi anaimba sauti ya kwanza. Yowe lile lilimtoa mama mkwe sebuleni, akateremka kwa njia ya kawaida, kwa miguu, mwiko mkononi, watoto nyuma yake. Akafika. Akaniangalia mimi na skintaiti yangu na gome langu. Akaangalia vigae. Akaangalia mirija. Akavuta hewa kwa pua, taratibu.

"Baba," akamwambia mumewe, "ng'ombe amezaa nini?"

Wazee wawili walikumbuka kwamba kuna misiba ya kuwahi.

Nilioga maji ya ndoo tatu na bado nilinukia ulezi mpaka tumerudi Mbeya. Kitenge kilipatikana kikiwa kimepakazwa utomvu wa mgomba, na utomvu wa mgomba unakauka unakuwa rangi ya kahawia ambayo hakuna sabuni inayoijadili. Nimekikata foronya. Makalio sitayazungumzia, ila kwenye basi la kurudi nilisimama kutoka Tukuyu mpaka Uyole na viti vilikuwepo.

Jioni kikakaliwa kikao. Wanaume sebuleni, mimi jikoni, ukuta katikati, na yule kijana wa darasa la nne anapeleka ujumbe. Wazee, wale waliorudi kutoka msibani, walisema mila imevunjwa na itengenezwe kwa jogoo. Nikakubali jogoo. Wakasema pia kuna suala la chungu. Hapo mama mkwe, aliyekuwa amekaa nami anamenya ndizi, akapaza sauti bila kuinuka kwamba chungu gani, maana yeye anavyojua boma hili halina chungu cha pombe na halijawahi kuwa nacho, na kama kuna mtu anakidai ajitokeze mwenyewe aeleze. Suala la chungu likaishia hapo. Wifi alichangia kikao kwa kucheka mpaka akatolewa nje. Jogoo nimelipa mwenyewe, aliyesukuma hajatoa hata yai.

Tulipokuwa tunapakua chakula, kijana akarudi tena jikoni. Akasimama wima, mikono nyuma, kama anasoma shairi darasani.

"Mama mkubwa, babu anasema hivi. Pale kwenye mparachichi hupaswi kuegemea. Unalala chali kabisa, halafu unachomeka kisigino cha kushoto kwenye tope, gome linageuka lenyewe kwenda kushoto. Anasema enzi zake alikuwa anapita pale amefumba macho."

"Mwambie babu asante sana, nimesikia."

Akaenda. Akarudi.

"Babu anasema yeye hajasema kitu."