Aliyemvika marehemu sare naye apewe nafasi ya kusema

Nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa jirani na stendi kuu ya Moshi nilipomsikia mzee mmoja, mtu wa heshima zake ambaye kanisani hukaa kiti cha mbele, akiwaeleza vijana kwamba majeneza ya wanajeshi wanaoletwa kutoka Kongo hujazwa magogo ya migomba, na kwamba ndiyo sababu familia zinaambiwa zisiyafungue. Nilimuuliza kwa adabu, "Mzee wangu, hayo magogo uliyaona?" Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Ningeyaonaje, mwanangu, na jeneza halikufunguliwa?" Wenzake wakaitikia kwa vichwa kana kwamba kesi imekwisha. Hoja ya namna hiyo haina mshindi, kwa maana kadiri usivyoona kitu ndivyo inavyozidi kuthibitika.

Nilikasirika kwa sababu ninamfahamu mtu ambaye kazi ya maisha yake inatukanwa na porojo hizo. Baba yangu mdogo alitumikia jeshi upande wa tiba, na miaka yake ya mwisho aliimalizia mochwari. Hakupenda kusimulia, lakini siku alizokuwa na moyo wa kuzungumza aliieleza kazi hiyo kwa utaratibu uleule aliozoea kuifanya: kuhakiki jina na namba ya jeshi ya marehemu kabla ya kugusa chochote, kumwosha, kuziba na kushona majeraha, kuingiza dawa mishipani ili mwili usiharibike njiani, kumnyoa ndevu, kisha kumvika. Kumvika ndiko kulikomchukulia muda mrefu kuliko yote. Alitafuta sare inayomtosha marehemu, akaipiga pasi mwenyewe, akahakikisha kwamba cheo kilicho begani ndicho alichofariki nacho; na pale ambapo mkono haukuwapo, aliujaza pamba mkono wa shati na kumalizia kwa glovu nyeupe, ili mama mtu asije akaona nguo imelala tupu. Kila alipomgeuza alimwambia, "Samahani, kijana wangu, nakugeuza kidogo." Hakuna kijana aliyewahi kumjibu, wala yeye hakuacha kuomba samahani.

Mtu huyo alipokuja likizo Uru, kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, walikuwapo ndugu wa damu waliopokea mkono wake kwa ncha za vidole, na shangazi mmoja ambaye hakula chakula alichokigusa. Mwosha huoshwa, walisema wahenga, na ukoo wetu mzima unaijua methali hiyo kwa moyo, maana huitamka katika kila msiba.

Sasa niseme kinachonikera zaidi ya mzee wa kahawa. Porojo ile haikuota hewani. Desemba 2017, waasi waliposhambulia kambi ya walinda amani kule Semuliki, Kivu Kaskazini, Tanzania ilipoteza vijana wasiopungua 14, na taifa liliwaaga kwa heshima katika Makao Makuu ya Jeshi, Upanga: bendera juu ya kila jeneza, gwaride, viongozi, kamera za kila kituo cha televisheni. Sina neno na heshima hizo. Walistahili, na wangestahili zaidi. Lakini baada ya kamera kuzimwa jeneza hupakiwa kwenye gari na kuanza safari ya kwenda kihambani, yaani shamba la ukoo lenye migomba, na huko ndiko maswali halisi yanakosubiri. Huku kwetu mtu huzikwa penye mgomba wake, na kabla ya kuzikwa watu hupita mmoja mmoja kumwona uso, asiyemwona hajamuaga. Katika msiba mmoja nilioshiriki, ofisa aliyeongozana na jeneza alisoma wasifu wa marehemu vizuri sana, akakabidhi bendera kwa unyenyekevu, na mama wa marehemu alipoomba kumwona mwanawe, akajibu, "Mama, tunashauri lisifunguliwe." Basi. Mama akauliza kwa nini. Ofisa akarudia sentensi ileile. Hakuwa mkatili, nilimwona jasho linavyomtoka. Hakuwa na la kumwambia kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumwona marehemu, na aliyemwona, aliyemwosha na kumvika, alikuwa amebaki Dar es Salaam akimshughulikia mwingine.

Hapo ndipo magogo ya migomba yalipoingia ndani ya jeneza, katika ule ukimya wa dakika mbili kati ya swali la mama na jibu ambalo halikuja.

Ukweli ni kwamba jeneza kufungwa mara nyingi kuna sababu nzito, tena za kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kuuguza. Bomu halimwachii mtu sura yake. Joto la msituni halingoji helikopta. Dawa ya kuhifadhi mwili huzuia uharibifu usiendelee, hairudishi kilichokwisha kuharibika. Na miili haifiki kila mara siku tunayotaka ifike: wanajeshi 14 wa Afrika Kusini waliouawa karibu na Goma mwezi Januari 2025 walifika nyumbani katikati ya Februari, baada ya mji kutekwa, uwanja wa ndege kufungwa na miili kupitishwa Uganda. Mhudumu wa mochwari anayajua haya yote na anaweza kuyasema kwa sentensi tano za upole. Anaweza kusema kijana alitambuliwa kwa alama za vidole, au kwa meno, au kwa vinasaba, na kwamba hakukuwa na shaka. Anaweza kusema, "Mama, uso sikuweza kuurejesha, lakini mkono wa kulia ni mzima, na ukitaka nitakufunulia uushike." Sijawahi kuona mzazi aliyepewa nafasi ya kushika mkono akaondoka akizungumzia magogo.

Wamarekani, ambao hufanya kila kitu kwa mafaili, wana kituo kizima kwa ajili ya kazi hii katika kambi ya anga ya Dover, jimbo la Delaware. Pale wataalamu hupima kama mwili unafaa kuonwa au haufai, na ushauri huo hufikishwa kwa familia; ndugu mwenye mamlaka kisheria ndiye mwenye kauli juu ya mazishi. Kilichonigusa kuliko yote ni habari ya sare. Hata pale ambapo mwili haufai kuonwa na jeneza litabaki limefungwa, masalia hufungwa kwa shuka na blanketi, kisha juu yake hutandazwa sare mpya iliyopigwa pasi, na nishani zote za marehemu zikiwa mahali pake. Hakuna atakayeiona, na bado wanaipanga. Baba mdogo angewaelewa watu hao bila mkalimani. Hata suala la kamera walilifikisha mikononi mwa familia: tangu 1991 waandishi walizuiwa kupiga picha za majeneza yakishushwa, na ilipofika 2009 ikaamuliwa kwamba wafiwa ndio watakaokubali au kukataa.

Nisije nikaambiwa nimelewa Umarekani. Ni palepale Dover ambapo mwaka 2011 ilibainika kwamba masalia ya wanajeshi wasiopungua 274 yalichomwa na majivu yake kutupwa kwenye dampo huko Virginia, bila familia kujua. Kwa hiyo majengo mazuri na mashine hazimpi mtu uchaji. Lakini nakubali, kwa shingo upande, kwamba kashfa hiyo ilijulikana kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu za kufukuliwa na watu wa kuulizwa, na hilo lenyewe ni jambo la kujifunza.

Ndugu zetu Waislamu wana swali lao la ziada, na sijasikia likizungumzwa hadharani inavyostahili. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, shahidi, mtu aliyeuawa vitani kwa ajili ya dini, haoshwi, bali huzikwa na nguo zake zenye damu. Je, mlinda amani aliyeuawa na waasi chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa anaingia katika hukumu hiyo? Masheikh watajibu wenyewe. Mimi nasema tu kwamba mwenye kumwosha alipaswa kuwauliza jamaa kabla ya kufungua maji.

Kuhusu mafao ya wajane nitaandika siku nyingine, maana nikianza leo sitalala.

Wapo watakaosema kwamba zamani watu hawakuhoji. Zamani watu hawakuletewa hata hilo jeneza la kuhoji. Wengi waliokufa katika vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, wamelala Kaboya, wilayani Muleba, mahali panapotunzwa vizuri na panapokumbukwa kitaifa. Lakini huku mlimani wapo wazee waliopokea habari na kukosa kaburi, wakakaa miaka wakisema kwamba labda kijana yuko Uganda, labda ameoa huko. Rudi nyuma zaidi. Vuka Holili uingie Taveta, kwenye makaburi ya kijeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1916, usome majina yaliyochongwa kwenye mawe, kisha uulize wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo wamelala wapi. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukichukua miaka 100 ya kutoambiwa kitu, hutashangaa mzee wa Moshi akiliona jeneza lililofungwa na kufikiria mgomba. Namkasirikia, lakini simshangai.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni mambo ya jeshi na jeshi lina siri zake. Sikatai. Mahali kikosi kilipokuwa, silaha kilizokuwa nazo, njia kilizopita, hayo yabaki kwa wenyewe. Lakini ni adui gani atakayefaidika kwa kujua kwamba mama mmoja wa Uru ameelezwa kuwa mwanawe alipoteza mkono wa kushoto, kwamba hakuachwa peke yake usiku ule mochwari, na kwamba kuna mtu aliyempigia sare pasi? Nitaambiwa pia kwamba wahudumu ni wachache na hawawezi kusafiri na kila jeneza hadi Rombo, Songea na Pemba. Hilo lina ukweli wake. Basi mhudumu apige simu. Au aandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, autie saini kwa jina lake, nao usomwe na ofisa mbele ya baba, mama na mjane, ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, kabla watu hawajaanza kujipanga uani.