Mwanamke wa Mazoezi na Hofu ya Mafuta

Kuna jambo linanikera katika baadhi ya jimu zetu hapa Mombasa. Mwanamke anapandishwa kwenye mizani ya umeme, anasomewa mafuta ya mwili asilimia 26 ya uzito wake, na papo hapo anaambiwa ashuke hadi 15. Ashuke kwa lipi? Kwa vigezo vya Baraza la Mazoezi la Marekani, 25 hadi 31 ni kiwango cha kawaida kwa mwanamke, 21 hadi 24 ni cha mwenye kufanya mazoezi sana, na 14 hadi 20 ni cha wanariadha. Kati ya 10 na 13 ni mafuta ya lazima, ambayo mwili haufanyi kazi bila hayo. Kwa mwanamume hayo ya lazima ni 2 hadi 5 tu, basi kujipima kwa tumbo la kocha wa kiume ni kujidhulumu.

Na mizani yenyewe hukisia. Hupitisha umeme mdogo mwilini na kukadiria mafuta kulingana na maji yaliyomo. Ukitoka kukimbia kando ya bahari pale Mama Ngina na joto letu hili, jasho linakuchuruzika, jibu litakuwa tofauti na la asubuhi kabla hujala.

Linaloniuma hasa ni hedhi. Dada anakimbia kila alfajiri, ameacha wali wa nazi, ameacha mahamri na mbaazi, jioni anakunywa chai kavu akalala. Hedhi inakatika, na wenzake wanamwambia ni kawaida ya mazoezi. Si kawaida! Chakula kisipotosha kwa kazi inayofanywa, ubongo hupunguza homoni zinazoamsha ovari, estrojeni, homoni ya kike inayolinda mifupa, inashuka, na mifupa inaanza kupungua uimara. Mifupa ya namna hiyo hupata nyufa kwa kukimbia tu, na uimara uliopotea huenda usirudi wote. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili uzito mwaka 2014, ikaeleza kuwa chanzo ni upungufu wa nishati. Ndiyo maana hata asiyekonda linaweza kumpata.

Miezi mitatu bila hedhi, na huna mimba, muone daktari. Nanyi makocha, kabla hamjamuuliza mwanamke ana mafuta asilimia ngapi, muulizeni kwa heshima kama hedhi yake inakuja sawa na leo amekula nini. Kama mnaona haya kuuliza, jimu iwe na kocha wa kike wa kuuliza.