Mtoto wa mheshimiwa, hapa Mayo na kule nyumbani

Kila nikipiga simu nyumbani kuna mtu lazima aniambie ati huko Ulaya hakuna mambo ya mtoto wa fulani, na mimi nawajibu jamani yamejaa tele, hapa Mayo, Ireland, ninapoishi ndiko alikotoka Enda Kenny, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hii. Babake Henry alikuwa mbunge, na kabla ya siasa alikuwa staa wa mpira wa Kiairishi, alikuwa kwa timu ya Mayo iliyobeba kombe la nchi nzima 1936. Mzee akafariki 1975 na mwaka huohuo kijana wake, mwalimu wa miaka 24, akashinda uchaguzi mdogo na kukalia kiti cha baba.

Sasa linganisha na sisi Wakenya. 1989 Moses Mudavadi, mbunge wa Sabatia, alifariki, mwanawe Musalia akachukua kiti hicho bila kupingwa, na mwaka huohuo akawa waziri. Kenny naye alikaa bungeni zaidi ya miaka 10 ndio apewe hata unaibu, uwaziri kamili ukaja 1994, uongozi wa chama chake, Fine Gael, 2002, na uwaziri mkuu 2011, yaani miaka 36 tangu aingie!

Kwa maoni yangu tofauti kubwa iko kwa mfumo. Huku jimbo moja lina wabunge kadhaa, na kwa karatasi unaandika 1, 2, 3 kwa vile unavyowapenda, kwa hivyo mtoto wa marehemu anapambana na wapinzani na pia na watu wa chama chake mwenyewe wanaowinda kura zilezile. 2011 Fine Gael ilichukua viti 4 kati ya 5 hapa Mayo, hebu fikiria hao wanne walivyokuwa wakikimbizana mlango kwa mlango. Hata mimi nisiye na paspoti yao napiga kura ya diwani, na msimu wa kampeni nimefungulia mlango mtu amelowa mvua chapachapa, ananiuliza barabara yetu ina shida gani na anaandika kwa kikaratasi. Nyumbani sijawahi kuulizwa hivyo na mtu anayetaka kura yangu.

Sisemi wapiga kura wetu wamelala, Sabatia walimwangusha Musalia 2002 akiwa Makamu wa Rais, na Uhuru aliangushwa Gatundu Kusini 1997. Watu wetu wakipewa nafasi wanaamua. Shida ni hizi tiketi za moja kwa moja, mzee hajazikwa na chama kishaamua ni mwanawe, ati kufuta familia machozi, na kuna vijana wa hapo wamefanya kazi ya chama miaka na miaka. Huku mara nyingi wanachama wanaketi mkutano na kupiga kura nani asimame.

Basi wakija tena kutuuliza sisi wa diaspora tunataka nini, mimi naanza na hiyo, tiketi za bure ziishe, na mtoto wa marehemu kama kweli anaweza kazi apange foleni na wenzake.