Maktaba na vimbweta: mwanafunzi wa chuo asomee wapi?

Aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hahitaji kuelezwa kimbweta ni nini. Kwa asiyekijua, ni meza ya zege yenye mabenchi ya zege, imejengwa nje, chini ya mti au ubavuni mwa jengo. Hapo ndipo watu hufanyia diskasheni. Mmoja aliyeelewa anawafafanulia watano ambao hawakuelewa, anabishiwa, anarudia, na katika kurudia anagundua kwamba naye alikuwa hajalishika somo sawasawa.

Naanza na kimbweta kwa sababu mjadala wa maktaba za vyuo vikuu mara nyingi huletwa kama habari mpya: kwamba mwanafunzi wa sasa husoma kwa kikundi, anataka intaneti na soketi, kwa hiyo rafu zipunguzwe na meza za pamoja ziongezwe. Wanaopinga husema maktaba ni vitabu na kimya, basi. Ukweli ni kwamba kusoma kwa kikundi tumekujua siku nyingi. Kumekuwa kukifanyika nje ya maktaba.

Wanaotaka kusoma kwa kikundi kuingizwe ndani wana hoja nzito. Darasa la mwaka wa kwanza huweza kuwa na mamia ya wanafunzi, mhadhiri hamfikii kila mmoja, na wahadhiri wenyewe hutoa kazi za vikundi zenye maksi. Kikundi ndicho kinachoziba pengo. Na kimbweta, pamoja na mapenzi yangu yote kwake, mvua za masika zikishuka hakikaliki, na usiku kinategemea taa ya jirani kama inawaka.

Hata hivyo, kwa upande wetu wa dunia naona hoja ya kimya ina uzito zaidi, na sababu yake haiko maktabani, iko bwenini. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizofunguliwa Aprili 2017, ziliongeza nafasi za wanafunzi 3,840, na zilikuwa nafuu kubwa. Lakini wanaokosa chumba bado hupanga mtaani au hubebana, wawili kitanda kimoja. Mwanafunzi mwenye chumba chake peke yake anaweza kwenda maktaba kutafuta wenzake. Huyu wetu wenzake anao tangu anapofumbua macho. Anachokifuata maktaba ni kuwa peke yake kwa saa tatu, na hakuna mahali pengine atakapokipata.

Maktaba mpya ya chuo hicho, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 27, 2018, ilisanifiwa kupokea watu 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000. Ni jengo la kujivunia. Lakini wanafunzi ni makumi ya maelfu, kwa hiyo kila kiti kina wenyewe wengi. Kiti kikipelekwa kwenye chumba cha kikundi, msomaji wa peke yake amepunguziwa kimoja. Hesabu hiyo ifanywe waziwazi kabla rafu na kuta hazijahamishwa, wala isiachiwe fasheni ya samani.

Ugomvi wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni wa sauti, na sauti ina dawa katika ujenzi. Kituo cha Saltire cha Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian, kule Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 2006, kilipangwa kwa ngazi: chini ni mazungumzo na huduma, na kadiri unavyopanda ndivyo kimya kinavyozidi. Hakuna anayemnyamazisha mwenzake kwa kumkodolea macho, kwani ghorofa yenyewe inamwambia mtu yuko wapi. Mpango huo hauhitaji utajiri, unahitaji kufikiriwa kabla ya msingi kuchimbwa. Niliwahi kusoma katika maktaba moja ambako vyumba vya vikundi vilitenganishwa na wasomaji kwa kioo chembamba juu ya sakafu ya vigae. Macho yalizuiwa, masikio hapana. Tulisikia kila neno.

Kuhusu rafu niko katikati. Chuo Kikuu cha Chicago, katika maktaba yake ya Mansueto iliyofunguliwa mwaka 2011, kiliweka ghala la vitabu chini ya ardhi lenye uwezo wa kubeba milioni 3.5, mitambo ikavifuata msomaji anapoviomba, na juu wakaacha ukumbi wa kusomea wenye paa la kioo. Nafasi imeokolewa. Lakini mwanafunzi haoni tena kitabu kilichokaa jirani na kile alichokitafuta, na umeme ukikatika vitabu vimefungiwa. Kwetu sisi kuna jambo jingine: majarida ya mtandaoni hulipiwa, na malipo yakisimama mlango hufungwa, ilhali karatasi iliyonunuliwa hubaki. Tena nyaraka za mikusanyo ya Afrika Mashariki, zile tasnifu za zamani na magazeti ya enzi hizo, nyingi hazipo popote kwenye intaneti. Kupunguza nakala kumi za kitabu cha kiada kilichopitwa na wakati ni sawa. Kuzisogeza nyaraka hizo gizani ili meza mpya zipate nafasi, sikubali.

Halafu kuna joto. Jengo la vioo lisilofunguka madirisha linapendeza kwenye picha, lakini Dar es Salaam ya Februari, kiyoyozi kikizimika, hakuna mtu atakayesoma humo, awe peke yake au na kikundi. Ukuta wenye kivuli na dirisha linalofunguka ni sehemu ya huduma ya maktaba kama kitabu kilivyo. Saa za kufunga pia ni usanifu: binti anayeishi mtaani huondoka mapema akihofia njia, hata kama kiti chake kilikuwa kizuri kuliko vyote.

Msanifu anayetaka kujua soketi ngapi zinahitajika na vikundi vina watu wangapi, aje wakati wa UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula. Apite vimbwetani kuanzia saa mbili usiku na daftari lake, ahesabu vichwa kwenye kila meza, kisha afuate nyaya za ekstensheni, moja imechomekwa kwenye nyingine, hadi kwenye dirisha la darasa zinakotokea.