Pikipiki Kapewa Shemeji, Deni Kaachiwa Dada

Siku hukumu ya talaka ya dada yangu inasomwa, nilikuwa benchi la nyuma nimempakata mwanawe wa mwisho. Nyumba ya vyumba vitatu Mbagala ikagawanywa. Kiwanja cha Mkuranga nacho hivyo hivyo. Pikipiki ya bodaboda ikahesabiwa kuwa mchumo wa pamoja, shemeji akaichukua. Dada akapewa friji, kabati na makochi. Tulipotoka nje mama alishukuru Mungu kwamba mwanawe hakuondoka mikono mitupu.

Jumanne iliyofuata dada alikwenda kwenye kikundi chake cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana fedha, kupeleka rejesho la shilingi 95,000. Mkopo anaourejesha ndio ulionunua ile pikipiki.

Alikopa yeye kwa sababu shemeji hakuwa mwanakikundi. Walikaa wote wawili wakakubaliana kwamba pikipiki itajilipia yenyewe. Lakini jina kwenye fomu ni la dada, sahihi ni yake, na waliomdhamini ni wanawake wenzake anaoonana nao kila siku sokoni. Ndoa inavunjika, deni lilikuwa limebaki 1,900,000. Nimelishika mwenyewe lile daftari lake: tarehe, kiasi, sahihi ya mweka hazina, mstari chini ya mstari. Wiki alizoshindwa kupeleka zimeandikwa "faini" kwa wino mwekundu.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mahakamani. Akanijibu, "Ningesemaje mbele za watu kwamba nadaiwa?"

Jibu lile limenikaa moyoni mpaka leo. Tukienda kuachana, mali tunazitaja kwa sauti, hadi masufuria, ila deni tunalificha kama ugonjwa wa aibu. Na sheria yenyewe haikulificha. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 wengi wanakijua kwa neno moja tu, mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mistari inayofuata inaitaka mahakama izingatie mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto, na pia madeni ambayo mmoja wao aliyaingia kwa manufaa ya wote wawili. Hilo la madeni limeandikwa humo tangu mwaka huo wa 1971.

Kuandikwa peke yake hakutoshi, na hilo tumeliona kwenye kazi za nyumbani. Neno "kazi" lilikuwamo kwenye kifungu hicho hicho, lakini kwa miaka mahakimu walitofautiana kama kupika, kufua na kulea ni mchango, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba ni mchango. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mahakama iliona kuwa fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara alizitapanya, ikalihesabu hilo dhidi yake. Maana yake mahakama inaweza kabisa kuifuata fedha na kuuliza imekwenda wapi. Basi iifuate na ya mkopo vilevile.

Najua kikundi au benki haifungwi na hukumu ya talaka. Mkataba unamjua aliyesaini, na mwenye fedha zake atamfuata huyo huyo. Ndiyo maana naamini deni la familia linapaswa kutolewa kwanza kwenye thamani ya mali, kisha kinachobaki ndicho kigawanywe. Au anayebaki na deni aongezewe fungu. Kumpa mmoja chombo na mwingine marejesho ya chombo hicho hicho, kwangu mimi si mgawanyo.

Sisemi kila deni libebwe na wote. Mume aliyekopa akamalizia kwenye kubeti abebe mzigo wake. Mke aliyechukua mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba kubwa, kimyakimya, mwenzake akaja kujua siku wadai wanabeba televisheni, naye ana la kujieleza. Kipimo ni manufaa, na manufaa yanaonekana: ni bati zilizo juu ya paa, ni ada iliyolipwa, ni dawa za mtoto. Yanahitaji ushahidi tu.

Hapo ndipo ninapowaomba ndugu zangu mnaoelekea huko. Kwa kawaida shauri la talaka halifiki mahakamani bila kupitia baraza la usuluhishi la ndoa. Yatajeni madeni kuanzia hapo. Nendeni na daftari la kikundi, fomu ya mkopo, risiti ya saruji, ujumbe wa simu unaoonyesha fedha ilitumwa kwa nani na lini. Kama mwenzako aliandika "nimeipata, kesho nakwenda kununua pikipiki," usiufute ujumbe ule hata kama kuusoma kunakuumiza. Na hakimu asiposikia deni likitajwa, namwomba aulize mwenyewe. Ni swali la nusu dakika.

Dada aliuza friji mwezi wa pili baada ya hukumu, akapata marejesho matatu na chenji kidogo. Mengine tulichangiana, mimi, mama na kaka yetu mkubwa. Wale waliomdhamini hawakumfokea hata siku moja, ila kuna Jumanne alizunguka njia ya nyuma ya soko ili wasimwone.