Maktaba za mitaani Dar: nani alipe?

Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, tarehe 9 Desemba 1967. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na kwa wengi wao maktaba ya umma bado ni jengo lile lile. Mwanafunzi wa Mbagala au Bunju anayetaka kusoma pale anaanza kwanza kutafuta nauli.

Wapo wanaosema maktaba ni mzigo wa Serikali Kuu kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba. Wana hoja: ukutubi ni taaluma, na bodi ndiyo yenye wataalamu na chuo chake Bagamoyo. Halmashauri zina zahanati na madarasa ya kuhangaikia. Diwani akipitisha fedha za vitabu, wapiga kura atawaambia nini?

Hoja hiyo siipuuzi. Ila halmashauri ndiyo inayojua ofisi ya kata ipi ina chumba kilichokaa bure kinachoweza kuwa maktaba ya mtaa. Na kutenga fedha inawezekana: sheria tayari inazitaka halmashauri zitoe asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sidai asilimia nyingine ya lazima, maana mafungu ya aina hiyo yakizidi, baraza la madiwani linabaki halina cha kupanga. Nadai kifungu cha bajeti, hata kidogo, kinachorudi kila mwaka.

Kila mwaka, ndipo penye kazi. Wa kujenga na kukata utepe hawakosekani. Mshahara wa mkutubi na bili ya umeme havina mzinduzi. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, vitabu vya kiada vilivyokuwa rafuni vilianza kupitwa na wakati, darasa baada ya darasa.

Kuhusu simu kuchukua nafasi ya maktaba, ingia chumba chochote cha kusomea msimu wa mitihani. Wengi wamekuja na madaftari yao na mitihani ya miaka iliyopita. Wanatafuta meza, taa na utulivu, na familia inayoishi chumba kimoja Manzese haina pa kuvipata. Simu haitoi meza.

Kwa hiyo bodi ifundishe na kukagua, halmashauri zilipe. Na chumba kikipatikana, kisifuate saa za ofisi: kiwe wazi hadi saa mbili usiku, Jumamosi ikiwemo.