Tanga haijalala

Kila nikipanda basi kurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, abiria wa jirani akishajua ninakokwenda huniuliza: huko Tanga mnaishije, mji umelala vile? Nimechoka kulisikia swali hilo. Mwenye kuuliza alikuja kikazi, akalala usiku mmoja Raskazone, akaona barabara hazina foleni, akahukumu.

Aje Ngamiani alfajiri. Barabara zetu zinaitwa kwa namba, zimenyooka, na ardhi ni tambarare. Ndiyo maana baiskeli ilitukaa. Muuza samaki anatoka Deep Sea, kunakoshushwa samaki, na tenga kwenye karia. Fundi seremala kafunga msumeno wake kwa mpira. Mama kakusanya baibui lisiingie kwenye mnyororo, anakwenda sokoni Mgandini, mtoto nyuma kamshika kiuno. Nimeishi miji mingine ya nchi hii, na huko mwanamke mtu mzima akipita na baiskeli watu humgeukia. Kwetu bibi aliendesha, mama akaendesha, nami nilifundishwa na kaka yangu viwanja vya Tangamano, akikimbia nyuma kashikilia karia.

Baiskeli hiyo ndiyo iliyotutunzia adabu. Aliye ndani ya gari kafunga kioo, hamwamkii mtu. Wewe wa baiskeli, mzee aliyekaa barazani anakuona tangu kona ya pili, kwa hiyo unapunguza mwendo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Nisalimie."

Nikiwa darasa la tano nilimpita mzee mmoja kimya, nimechelewa madrasa. Nilipofika nyumbani habari ilikwishatangulia. Mama alinirudisha kwa miguu, barabara tatu nzima, nikamwamkie.

Wanaosema mji umelala wanakumbuka mkonge. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, mashamba yakaenea, bandari ikafanya kazi usiku na mchana. Kisha nyuzi za plastiki zikaangusha bei ya mkonge, na viwanda vingi vya mjini navyo vikafungwa. Hasara ile ilikuwa kubwa, sikatai. Kuna nyumba zilizoanza kula mlo mmoja. Lakini watu hawakulala. Walipanda baiskeli wakaenda kutafuta.

Sasa fedha inarudi. Bandari imepanuliwa, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Nafurahi, vijana wetu wanataka kazi. Ninachodai ni kimoja: barabara zikipanuliwa, mwenye baiskeli apewe njia yake. Leo lami inakwisha palipo mtaro. Lori likija nyuma na bodaboda ikija mbele, unabaki kuchagua utumbukie au ugongwe. Kila mwaka nawaona kina mama wengi zaidi wakiziacha baiskeli uani na kulipa nauli ambayo hawakuwa wakiilipa, na barazani wazee wanapitwa na watu wasiowajua.

Binti yangu ana miaka minane. Anajua kupiga kengele, kufunga breki na kuamkia kwa wakati mmoja. Shule yake iko ng'ambo ya reli, mwendo wa dakika kumi, na kila asubuhi ananiomba aende na baiskeli yake. Bado sijamruhusu.